Usukani wa shemeji, meza ya mama mkwe

SWALI

Kaka mshauri, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, natembea njia ya Dar, Tunduma mpaka Lubumbashi. Mwezi ukinipa siku nane za kulala kwangu Tabata namshukuru Mungu. Na hizo siku nane, wenzangu wakisikia wanacheka sana, nazimaliza nikiendesha tena. Nina PS5, ile PlayStation ya michezo ya video, na usukani wake wa kuchezea, Logitech G29, nilioununua mtumba miaka mitatu iliyopita. Watoto wakilala naubana kwenye meza ya chakula, naanza kuzunguka Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani, mpaka saa saba za usiku. Siku nyingine naingia Naivasha kwenye ule mchezo wa rali wa WRC, maana vumbi lile nalijua, sihitaji kusimuliwa.

Usukani huu nimeuchoka. Unakereza kama mashine ya kusaga, na nikiingia kona kwa kasi hauniambii kitu mpaka gari limeshaondoka. Kwenye lori nahisi tairi la mbele linapotaka kuteleza kabla halijateleza. Hapa nahisi plastiki tu.

Sasa nimepokea mchezo. Tuko madereva kumi na wawili, kila mmoja anatoa laki tano kwa mwezi, zamu yangu imefika, milioni sita mkononi. Shemeji yangu yuko Dubai, ameniona mtu anayeuza seti yake: mota ya usukani ya Simucube 2 Pro na duara la kushika la magari ya Formula kutoka Italia, lina skrini katikati na taa juu, vitufe mpaka vinachanganya macho. Anataka kama milioni tano na nusu kwa hela yetu. Nimeangalia bei ya mpya nikaona ni kama bure. Shemeji anakuja likizo mwezi ujao, anasema ataubeba kwenye begi.

Kuna mambo mawili yananikwaza. La kwanza, mama watoto anajua zamu yangu ni mwezi huu, na tulishakubaliana hela ile ni ya fensi. Nimemwambia imechelewa, kuna mwanachama hajatoa. La pili, hiyo meza ya chakula ni ya mninga, tulipewa na mama mkwe siku ya harusi, na kibanio cha usukani kimeshaitoboa pembeni alama mbili. Mke wangu hajasema kitu ila kila akifuta meza anafuta pale taratibu kuliko sehemu nyingine.

Niuchukue au nisiuchukue? Na kama si huu, ni upi ambao mtu akiununua hatatamani mwingine tena?

Dereva, Tabata

JIBU

Ndugu yangu dereva, usiuchukue. Mpigie shemeji leo, kabla hajatoa hata senti ya kishika uchumba, halafu urudi hapa tuzungumze.

Sababu ni moja na haina mjadala: huo usukani hautawaka kwenye PS5 yako. Simucube inatengenezwa Ufini na kampuni ya Granite Devices ya Tampere, na ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya, lakini hiyo 2 Pro imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta peke yake. Ukiichomeka kwenye PlayStation hakuna kitakachotokea. Hakuna mpangilio wa kubadilisha, hakuna fundi wa Kariakoo wa kuuchezea. PlayStation inazungumza na usukani uliopewa ruhusa na Sony tu. Ungekaa na mota ya milioni tano na nusu mezani, inang'aa, na G29 yako ya mtumba ingerudi kazini usiku uleule. Na muuzaji wala hajakudanganya. Hakuna aliyemuuliza kama mnunuzi ana kompyuta.

Hili la kwanza limeshakuokoa. Sasa tuje kwenye swali lako la kweli, maana lile la kuchoka plastiki nalielewa.

Tunaposema usukani wa gharama tunachanganya vitu viwili. Kuna duara unaloshika, na kuna mota ambayo duara hilo limefungwa juu yake. (Mafundi wa gari huita yote stelingi, na mimi kila nikisikia neno hilo namkumbuka yule wa kwenye sinema ambaye hafi mpaka mwisho.) Kwenye G29 vimeunganishwa na huwezi kuvitenganisha bila bisibisi na maombi. Kwenye vifaa vya juu vinauzwa mbalimbali, na watu wengi wanaangukia hapohapo: macho yanakwenda kwenye duara kwa sababu ndilo lenye skrini na taa, wakati kile unachokilalamikia wewe, kutosikia tairi, kinatoka kwenye mota.

Ndani ya G29 kuna mota ndogo zinazosukuma meno, na meno ndiyo yanayozungusha usukani. Ile kelele ya mashine ya kusaga ni meno yanagongana. Kila ujumbe wa barabara unapita kwenye meno yale ukija mkononi kwako, na mdogomdogo unapotelea njiani. Baadaye zikaja za mkanda, zikawa kimya zaidi, ila mkanda nao unavuta kama mpira. Zinazotamba sasa hazina meno wala mkanda: duara limefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, ndiyo hiyo wanayoiita direct drive, kwa kifupi DD. Mota ikitetemeka nusu ya nywele, kidole chako kinajua. Wewe uliyeteremka Kitonga na mzigo, ukijua kwa viganja tu kwamba lami imelowa, utaona tofauti ndani ya kona mbili.

Nguvu ya mota hizi inapimwa kwa Nm, nyutonimita, na hapo ndipo wauzaji wanapotuvimbishia vichwa. Hiyo Simucube 2 Pro ni Nm 25. G29 yako ni zaidi kidogo ya 2. Weka kwenye kilo tuelewane. Ukishika duara la upana wa milimita 300, Nm 25 ni kama mtu ananing'iniza kilo 17 pembeni ya usukani na wewe unazizuia. Nm 11 ni kilo saba na nusu hivi. G29 ni kama kilo moja na nusu. Duara likiwa pana, uzito huo unapungua mkononi, ndiyo maana usukani wa lori ni kama sinia na si kama sahani.

Je, unahitaji kilo 17? Kwa kukaa saa nzima usiku baada ya wiki mbili za barabarani, hapana. Mimi mwenyewe nina mota ya Nm 15 na naiendesha nusu ya nguvu zake. Lakini usije ukafikiri nguvu ya ziada ni ya mabavu tu. Umeshapanda daladala ambayo konda amefungua redio mpaka mwisho? Besi, gitaa, sauti ya mwimbaji, vyote vinakuwa mkwaruzo mmoja. Mota dogo nalo liko hivyohivyo. Kwenye kona nzito mchezo unaomba nguvu ambayo mota haina, basi inabaki imekazana pale kileleni, na vile vitu vidogo ulivyovitaka, tairi kuanza kuteleza, ukingo wa lami, vinapotea ndani ya mkwaruzo. Mota kubwa ukiiendesha nusu inabakiwa na nafasi ya kukunong'oneza. Kwa hiyo nikikuambia kati ya Nm 8 na 15, sikubanii. Chini ya hapo utatamani zaidi, juu ya hapo unalipia misuli ya mtu mwingine.

Kwa PS5 uwanja ni mdogo, na hilo ni jema kwa mtu asiye na muda wa kuzunguka. Fanatec wana Gran Turismo DD Pro, ambayo ni Nm 5 au 8. Mota ni ileile, tofauti ni adapta ya umeme, kwa hiyo ukiuziwa mtumba ukaambiwa ni ya 8, omba picha ya adapta kabla ya kuomba picha ya usukani. Ndugu yake mkubwa ni ClubSport DD+ ya Nm 15. Na kuna Logitech G Pro iliyotoka 2022, Nm 11, ambayo imetengenezwa namna mbili, moja ya PlayStation na moja ya Xbox. Zote zinakubali kompyuta, lakini ya Xbox haiingii PS5 hata ukiisomea dua. Kwa Fanatec kuna mtego mwingine: ruhusa ya PlayStation inakaa kwenye mota, ya Xbox inakaa kwenye duara. Mtu anaweza kukuuzia duara zuri la Fanatec, ukakuta mota yake ni ile isiyo na ruhusa ya Sony. Muulize jina kamili la mota, herufi kwa herufi. DD+ na DD si kitu kimoja.

Utasikia pia watu wakisema Fanatec wamefilisika. Kampuni mama, Endor ya Landshut kule Ujerumani, ndiyo iliyofikia ufilisi mwaka 2024, na mwaka huohuo Corsair ya Marekani ikainunua biashara. Vifaa vinaendelea kuuzwa.

Ningekuwa wewe ningechukua Logitech G Pro ya PlayStation au DD+, kutegemea kipi shemeji atakipata Dubai kikiwa na boksi lake na risiti. Logitech ilipotoka iliuzwa dola 999, na pedali zake dola 349. Jumlisha, geuza kwa bei ya dola ya siku hiyo, utaona bado uko mbali na milioni tano na nusu.

Nimetaja pedali, na hapa nisikilize vizuri kuliko kote. Breki ya G29 inapima umekanyaga mpaka wapi. Ndani kuna kipande cha mpira kinachoifanya iwe ngumu mwishoni, lakini mashine inachosoma ni umbali wa mguu. Mguu wa binadamu haukumbuki umbali. Unakumbuka uzito. Pedali nzuri zina kipimo cha mkandamizo ndani ya breki, kinasoma umekanyaga kwa kilo ngapi, na hizo za Logitech Pro zinasoma mpaka kilo 100. Ukishazoea kwamba kona fulani ya Nürburgring inataka kilo arobaini, utaipata usiku wa leo na wa mwezi ujao ukirudi kutoka Lubumbashi, hata kama umechoka. Mzunguko ule una kilomita 20 na ushee. Sekunde utakazookoa kwenye breki hutazipata kwenye usukani wa bei yoyote. Kama hela ingetosha kitu kimoja tu, ningekwambia baki na G29 ununue pedali. Bahati mbaya pedali za kampuni nyingine zikichomekwa peke yake kwenye PS5 hazisomeki, lazima zipite kwenye mota ya kampuni yake. Hendibreki nayo ni hivyohivyo, na kwa mtu wa Naivasha utaitaka siku moja, kwa hiyo angalia mota unayonunua ina tundu lake nyuma.

Sasa lile duara la Italia lililokutoa udenda. Lina umbo la kipepeo, juu hakuna kitu, chini hakuna kitu, mikono inakaa pembeni haitoki. Limetengenezwa hivyo kwa sababu gari la Formula linazunguka kona yake kali bila dereva kuachia mikono. Gari la rali si hivyo. Kwenye kona ya kurudi ulikotoka, pale Naivasha vumbi limetanda, unapishanisha mikono, unaachia duara lizunguke lenyewe unalidaka likirudi. Ukifanya hivyo na kipepeo, mkono unadaka hewa. Kwa rali na magari ya kawaida unataka duara kamili, mviringo, upana wa milimita 320 mpaka 350. Magari ya GT yanakubali lililokatwa chini kidogo. Wewe uliyetoka kwenye sinia la lori, hata 350 mwanzoni utaiona kama kisosi.

Halafu ile skrini. Inaonyesha gia, kasi, mafuta, muda wa mzunguko. Vyote viko kwenye televisheni, mbele ya macho yako. Na duara lile lingekuwa limefungwa kwa mota ya PlayStation, skrini yenyewe ingebaki pambo, kwa sababu taarifa za kuiwasha zinatoka kwenye programu ya kompyuta.

Ngozi au kile kitambaa laini cha Alcantara? Hapa nina kovu. Mwaka wa kwanza nilipopata hela niliagiza kutoka kwa duka moja la nje duara lenye Alcantara nyeusi, laini kama sikio la mbuzi mchanga. Kwanza lilipofika nikakuta kiungo chake cha nyuma hakiingii kwenye mota yangu, kumbe kuna kizazi cha zamani na kipya, na hawakuandika. Likakaa juu ya kabati miezi minane nikitafuta kiungo. Nilipokipata nikaanza kuendesha, Dar, mwezi wa pili, feni tu. Kufika mwezi wa sita pale viganja vinaposhika palikuwa panang'aa kama kola ya shati la konda, na ule ulaini umegeuka ukoko. Kitambaa kile ni cha nchi za baridi au cha mtu anayevaa glavu. Chukua ngozi. Jasho linafutika kwa kitambaa chenye unyevu, na ikizeeka inazeeka kwa heshima.

Ukija siku moja kutaka kubadilisha duara, uliza matundu yake. Kipimo kinachotumika zaidi ni matundu sita kwenye mzunguko wa milimita 70. Hata duara za gari halisi za Momo au Sparco zina kipimo hicho, kwa hiyo ukiwa na kitovu kinachofaa unaweza kufunga usukani wa gari la rali la kweli nyumbani. Hilo nimelifanya na silijutii.

Tumefika mezani. Ndugu yangu, hakuna mota kati ya hizi itakayokaa kwenye meza ya mninga ya mama mkwe. G29 yenye kilo moja na nusu imeshaacha alama mbili. Weka mota ya kilo saba na nusu, inayobadilisha upande mara kadhaa kwa sekunde ukipita juu ya mawe, meza itatembea sebuleni. Kibanio kitailamba mbao. Na pedali ya breki unayoikanyaga kilo arobaini itakusukuma wewe na kiti cha plastiki mpaka ukutani.

Nenda kwa fundi mageti. Wenzetu wa Ulaya wananunua fremu za aluminiamu kwa bei ya pikipiki mkweche; sisi tuna fundi wa kuchomelea kila kona ya Tabata. Mwambie skwea paipu ya inchi moja na nusu, nene, si ile anayowekea madirisha ya bei chee. Anahitaji mihimili miwili mirefu ya chini, mitatu ya kuunganisha, nguzo mbili za kubeba mota zilizoungwa kwa pembe ili zisicheze, na sahani ya chuma ya milimita tano juu yake. Sahani ya pedali iinuke kidogo mbele, nayo ishikwe na bolti, isichomelewe, ili uweze kuisogeza. Matundu ya mota mpe kwa karatasi uliyochora kwa kuweka mota lenyewe juu, usimtajie kwa mdomo. Kiti tafuta kwa wauza spea za mtumba Ilala, cha gari dogo, chenye reli zake. Ukimaliza, ishike fremu pale mota inapokaa uitikise kwa nguvu zako zote. Ikicheza, kile kinachocheza ndicho utakachokuwa unakihisi badala ya barabara.

Sasa kuhusu mama watoto. Naomba nikuulize: shemeji huyo wa Dubai ni kaka wa nani? Kama ni kaka wa mkeo, unadhani atabeba boksi kubwa kuliko begi lake, alale nyumbani kwako, na dada yake asijue limenunuliwa na hela gani? Na yule mwanachama uliyemsingizia kwamba hajatoa, siku akija kwenye msiba au harusi mkeo atamwangalia kwa jicho gani?

Mwambie kabla shemeji hajapanda ndege. Anzia kwenye meza, usianzie kwenye usukani. Mwambie umeona zile alama, kuna fundi wa mbao atazikwangua na kupiga vanishi, na usukani hautapanda tena juu ya meza ile maana utakuwa na fremu yake. Kisha mtajie milioni sita zote, mwambie zimefika na zilikuwa zimefika, na kwenye karatasi mgawe pamoja: fensi nguzo ngapi, usukani kiasi gani. Akisema fensi kwanza, usukani utasubiri zamu nyingine. Hakuna mota itakayoharibika kwa kusubiri, na mtumba unazidi kushuka bei. Akikubali, siku ya kwanza mkalishe yeye kitini. Nimeona wake wawili wa rafiki zangu waliokuwa wakinuna mpaka walipoendesha. Mmoja sasa ndiye mwenye muda mzuri zaidi kwenye nyumba ile na bwana hapendi tuzungumzie hilo.

Kama kuna mtoto mdogo ndani, chomoa umeme ukimaliza, kila mara. Mota hizi hazijui kama mkono ulioshika ni wako. Na wewe mwenyewe ukiona unagonga ukuta, achia. Dereva wa lori ana mazoea ya kung'ang'ania, na kidole gumba kikiwa kimejiingiza katikati ya spoku, kitakukumbusha wiki nzima.

Shemeji akinunua, umeme wa Dubai ni volti 230 kama wetu na plagi zao ni zile za miguu mitatu bapa tunazotumia, kwa hiyo hapo huna gharama. Uunge usukani kwenye ile soketi ya kulindia friji, maana umeme ukikatika si tatizo, tatizo ni unavyorudi. Asibebe bila risiti. Ushuru wa forodha wetu unahesabiwa juu ya bei ya kifaa pamoja na bima na usafiri, halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Akifika bila karatasi, afisa ndiye atakayekadiria bei, na makadirio hayajawahi kumpendelea mwenye mzigo.

Ukifunga, anza na nguvu asilimia 40. Endesha wiki nzima hivyo, hata ukiona ni laini. Ongeza tano tano mpaka utakapoona kona nzito zinakuwa butu, kisha rudisha tano.

Na jambo la mwisho kabla fundi mageti hajawasha mashine yake: pima upana wa mlango wa chumba utakakoiweka. Yangu ilitoka kwa fundi imenyooka, imepigwa rangi nyeusi, watu wanne wameibeba, ikagota mlangoni kwa sentimita tatu. Ilibidi ikatwe katikati palepale barazani, jua la saa saba, majirani wamekaa ukutani wanauliza kama ni kitanda cha hospitali.